Namna ya Kusoma Maneno ya Kale katika Biblia ya Kiingereza ya 1611

Anayesoma Biblia ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611, hapotoshwi sana na neno asilolijua, kwa kuwa hilo litampeleka kwenye kamusi. Linalompotosha ni lile alilolizoea tangu shule ya msingi, ambalo zamani lilikuwa na maana nyingine. Basi, sentensi inapogoma kueleweka, anza kulishuku neno jepesi kuliko yote, kisha ufungue mstari huohuo katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version.

Chukua "prevent", ambalo leo ni kuzuia. Ukilisoma hivyo katika 1 Wathesalonike 4:15, utadhani Paulo anasema kwamba walio hai hawatawazuia waliolala. Kiswahili kinasema "hatutawatangulia", na hiyo ndiyo maana ya asili, kwani neno hilo limetoka katika Kilatini likiwa na maana ya kuja mbele. "Let" limekwenda kinyume chake: leo ni kuruhusu, lakini "was let hitherto" ya Warumi 1:13 kwa Kiswahili ni "nikazuiliwa hata sasa". Hapa kuna maneno mawili tofauti yaliyoishia kuandikwa namna moja, na lile la kuzuia bado lipo katika tenisi, mpira wa kuanzisha unapogusa wavu, na katika pasipoti ya Uingereza, yenye maneno "without let or hindrance". "Suffer" nalo, ambalo leo ni kuteseka, katika Biblia hii mara nyingi ni kuacha au kuruhusu, kama katika "Waacheni watoto wadogo waje kwangu".

Katika "thou" na "thee", yaani wewe, na "ye" na "you" ya 1611, yaani ninyi, msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko Mwingereza wa leo, ambaye "you" yake haitofautishi mmoja na wengi. Katika Luka 22:31-32 Shetani amewataka "you", yaani ninyi nyote, lakini Yesu amemwombea "thee", yaani Petro peke yake. Kiswahili kimeandika "ninyi" na "wewe" bila shida.

Kiswahili kisipokata shauri, nenda kwenye Kamusi ya Oxford, ile kubwa iliyokamilika mwaka 1928. Usikimbilie maana inayotumika sana leo, kwa kuwa kamusi hiyo hupanga maana kwa kufuata historia na kuambatanisha mifano yenye miaka. Tafuta maana ambayo mifano yake inaukaribia mwaka 1611, kisha uirudishe kwenye mstari uone kama inakaa.