Kuangalia ndege winta kwenye mabonde yaliyofurika, Uingereza

Kwa mlioko Uingereza, winta nendeni Ouse Washes, kule mpakani mwa Cambridgeshire na Norfolk. Ni ukanda wa kama kilomita 30 hivi katikati ya mito miwili iliyochimbwa na watu, maji yakizidi yanaachiwa humo makusudi na bonde zima linageuka ziwa, basi ndege wanajaa balaa.

Kwanza cheki barabara, ile ya kijiji cha Welney inafurikaga na kufungwa, usijifanye mjanja ukapita maji na kigari chako. Vaa gambuti, soksi mbili, glavu nyembamba ili uweze kuzungusha darubini, na chai ya tangawizi kwenye chupa, hiyo hata usiulize.

Muda mzuri ni jioni, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, kwahiyo saa nane uwe umeshakaa. Mchana wale bata weupe wa shingo ndefu (swan) wanakuwa mashambani wanakula mabaki ya viazi na biti, jioni ndo wanarudi majini kulala, unawasikia kabla hujawaona.

Hao swan wako aina mbili, kuwatofautisha angalia mdomo: whooper, wa kutoka Iceland, njano yake imechongoka kuelekea ncha, Bewick's wa Urusi ni mdogo, njano yake fupi na ya mviringo. Ukisikia mluzi "wiiuu" huyo ni wigeon dume, bata mwingine.

Mkiwa kwenye tuta la kando ya bonde msisimame wima juu kabisa, wataruka wote, kaeni kwenye vibanda vya kuangalia ndege.