Tangaza redioni, kwenye karatasi na mitandaoni kwa mpigo, na ujue mteja katoka wapi

"Nimeona tangazo lenu." Mteja akisema hivyo, kazi yako ni kujua lipi. Kama wiki hiyo hiyo umerusha tangazo redioni, umegawa vipeperushi na umelipia Facebook, jibu lake ndilo litakaloamua bajeti ijayo iende wapi. Utasikia watu wakisema mitandao inapimika, lakini redio na karatasi ni kubahatisha. Redio hupimika vizuri tu, mradi umeiwekea alama kabla tangazo halijaenda hewani. Likisharuka, umechelewa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mkufunzi anayetaka kujaza nafasi 20 za kozi ya jioni ya uhasibu, mwenye bajeti ndogo na asiye na wakala wa matangazo.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja

Andika kwa sentensi moja unachotaka mtu afanye baada ya kuona au kusikia tangazo. Kwa mkufunzi wetu: "Atume ujumbe WhatsApp kuulizia kozi." Basi. Ukimwambia apige simu, atembelee tovuti, akufuate Instagram na afike ofisini, hatafanya hata kimoja.

Hatua ya 2: Ipe kila njia alama yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanaporuka. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita watangazaji wa Marekani walikuwa wakiweka kuponi ya kukata kwenye gazeti, kila gazeti na msimbo wake, kisha wanahesabu kuponi zilizorudi. Sisi leo tuna vifaa rahisi zaidi.

WhatsApp inakuruhusu kutengeneza kiungo kinachofungua mazungumzo yakiwa tayari yameandikwa ujumbe. Kinaanza na wa.me/ kikifuatiwa na nambari yako kamili pamoja na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, halafu ?text= na maneno unayotaka. Tengeneza viungo tofauti. Cha Facebook kiandike "Habari, naulizia kozi ya uhasibu F". Cha kipeperushi kiishie na K, kisha ukigeuze kuwa msimbo wa QR. Mteja anabonyeza kutuma tu, na herufi ile ya mwisho inakwambia katokea wapi. Ukiwa na tovuti, fanya hivyo hivyo kwa kuongeza utm_source, alama inayoonyesha mgeni katokea wapi, mwishoni mwa kila kiungo.

Redio haina cha kubonyeza, kwa hiyo ipe neno la kutamka: "Tuma neno KALAMU kwa WhatsApp." Liwe neno ambalo msikilizaji hawezi kulikosea tahajia, na lisitokee mahali pengine popote kwenye kampeni. Ukiweza kupata laini ya pili ya simu kwa ajili ya redio peke yake, ni bora zaidi.

Mwisho, fungua daftari au jedwali lenye safu nne: tarehe, alama aliyokuja nayo, mara ya kwanza alisikia wapi, na kama alijiandikisha. Safu ya tatu utaijaza kwa kuuliza. Usiiache, hatua ya mwisho yote inaitegemea.

Hatua ya 3: Jaribu ujumbe mtandaoni kabla ya kuchapa

Posti ya Facebook unaweza kuifuta leo. Vipeperushi vilivyokwisha kuchapwa huwezi. Ndiyo maana naanza mtandaoni kila mara, kwa fedha kidogo, hata pale redio inapotarajiwa kubeba mzigo mkubwa.

Andika vichwa viwili au vitatu vyenye hoja tofauti kabisa: kimoja kuhusu muda ("Soma jioni, fanya kazi mchana"), kingine kuhusu matokeo ("Funga hesabu za mwezi mwenyewe"). Kubadilisha kivumishi kimoja si jaribio. Usitumie kitufe cha kukuza chapisho kilichoko chini ya posti. Ingia Ads Manager, ukurasa wa kusimamia matangazo wa Meta (kampuni inayomiliki Facebook), ambako utachagua lengo la ujumbe badala ya kununua laiki zisizolipa ada.

Weka matangazo yako yote kwenye kikundi kimoja cha walengwa. Mfumo wa Meta una kipindi cha kujifunza, na ili umalize kujifunza unahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki. Bajeti ndogo ukiigawa kwa makundi matano, hakuna kundi litakalofika huko. Na ukibadilisha tangazo kila asubuhi kwa wasiwasi, unaurudisha mwanzo. Liache.

Video iwe ya wima, 1080 kwa 1920, yenye maandishi chini, maana wengi hutazama bila sauti.

Hatua ya 4: Karatasi

Chukua kichwa kilichoshinda. Mpe mchapaji faili ya CMYK (mfumo wa rangi za uchapaji) yenye picha za dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia.

Msimbo wa QR una kanuni ya vitendo: umbali wa kuskani ugawanye kwa 10. Kipeperushi kinachoshikwa sentimita 30 kutoka usoni kinatosheka na msimbo wa sentimita 3. Bango linalosomwa kutoka mita 2 linahitaji sentimita 20. Acha nafasi nyeupe kuuzunguka. Kwenye bango la barabarani usiuweke kabisa, dereva haskani kitu. Jihadhari pia na tovuti zinazotoa misimbo ya kulipia kwa mwezi: ukiacha kulipa, msimbo unaweza kufa ukiwa tayari umechapwa kwenye karatasi zako zote. Omba nakala moja ya majaribio, iskani kwa simu mbili tofauti, ndipo uruhusu uchapaji.

Hatua ya 5: Redio

Nunua kipindi, usinunue jina la kituo. Bajeti ndogo hufanya kazi zaidi ikirudiwa mara nyingi ndani ya kipindi kimoja, ambacho wasikilizaji wake ni wale wale kila siku, kuliko ikitawanywa vituo vinne. Muulize mtu wa mauzo kipindi hicho kinasikilizwa na nani na saa ngapi. Akikujibu "kila mtu", nenda kwingine.

Kwa sekunde 30, maneno ya Kiswahili 60 au zaidi kidogo yanatosha. Maneno yetu ni marefu. Soma kwa sauti huku ukitazama saa. Neno la alama litajwe mara mbili angalau, na liwe la mwisho kusikika. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwamba utapewa ripoti ya maandishi yenye tarehe na saa ya kila mrusho. Ukiilinganisha na saa za ujumbe ulioingia, utaona mirusho gani iliamsha watu.

Hatua ya 6: Andaa mapokezi

Kwenye WhatsApp Business tengeneza lebo tatu, Redio, Karatasi na Facebook, na ubandike kila mazungumzo yanapofunguka. Swali la "mara ya kwanza ulitusikia wapi?" uliza kabla ya kutaja ada, kwa sababu baada ya bei wengine hawajibu tena. Waombe pia wahifadhi nambari yako: orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) huwafikia waliokuhifadhi tu, na orodha moja inabeba watu 256. Kama hakuna wa kujibu usiku, usinunue mrusho wa usiku.

Hatua ya 7: Piga hesabu mara mbili

Tuseme redio ilikula nusu ya bajeti na kuleta waliojiandikisha 6. Facebook ilikula robo, ikaleta 7. Vipeperushi robo iliyobaki, watu 2. Kwa hesabu hii redio ilitumia zaidi ya asilimia 8 ya bajeti kwa kila mwanafunzi, Facebook chini ya 4. Ungeikata redio.

Sasa soma safu ya tatu ya daftari lako. Kati ya wale 7 wa Facebook, 3 walisikia redioni kwanza, wakaenda kukutafuta mtandaoni, wakakutana na tangazo na kubonyeza. Redio inakuwa na 9, Facebook 4. Gharama inageuka: redio takriban asilimia 5.6 kwa mtu, Facebook 6.25.

Idadi hizi ni ndogo mno kutoa hukumu, ila zinatosha kukwambia ujaribu nini duru ijayo. Zima redio kwa wiki mbili, Facebook ibaki kama ilivyo, bajeti ile ile na tangazo lile lile. Ujumbe wenye herufi F ukipungua, irudishe redio na upunguze vipeperushi. Usipopungua, fedha ya redio ihamishie Facebook kidogo kidogo, huku ukiangalia kila wiki kama gharama ya kila mwanafunzi inapanda.