Somo: Ukurasa wa Kiswahili usipotee Google

Assalaam alaykum wanachama. Leo tushughulikie jambo linalowaumiza wenye gesti na watembeza wageni kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Tovuti ina Kiingereza, Kitaliano na Kiswahili, lakini mtu wa Dar es Salaam akiandika "nyumba ya wageni Jambiani", ukurasa wa Kiswahili hautokei. Mara nyingi Google haikuukataa. Tovuti yenyewe ndiyo iliyoiambia iuache.

Hatua ya 1. Kila lugha iwe na anwani yake: mfano.co.tz/sw/vyumba/, kisha /en/rooms/ na /it/camere/. Lugha ikibadilika kwa kuki (alama ndogo inayowekwa kwenye kivinjari cha msomaji) huku anwani ikibaki ileile, roboti, yaani programu ya Google inayopita ikisoma kurasa, husoma lugha moja tu.

Hatua ya 2. Usimhamishe mtu kwa nguvu. Zipo programu-jalizi (vipande vinavyoongezwa kwenye tovuti) zinazotazama msomaji yupo nchi gani, zikampeleka kwenye lugha ya huko. Roboti ya Google kwa kawaida huja na anwani ya mtandao (IP) ya Marekani, wala haisemi inapendelea lugha gani. Basi kila ikifika /sw/ hupelekwa /en/, na Kiswahili haikisomi hata siku moja. Weka viungo vya lugha juu ya ukurasa, msomaji achague mwenyewe.

Hatua ya 3. Hapa tukae kidogo, maana ndipo kurasa nyingi zinapofia. Lebo ya rel="canonical", iliyo ndani ya msimbo wa ukurasa, huiambia injini ya kutafuta ni ukurasa upi ulio asili miongoni mwa zinazofanana. Fundi hunakili kiolezo cha Kiingereza, akabadilisha maneno, akaiacha lebo hiyo ikielekea /en/rooms/. Ukurasa wa Kiswahili unakuwa umejitangaza wenyewe kuwa ni nakala, na Google inaweza kuuacha. Kila ukurasa ujielekeze wenyewe: wa Kiswahili kwa Kiswahili, wa Kitaliano kwa Kitaliano. Kuhakiki ni rahisi: fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone chanzo chake (msimbo), tafuta neno canonical, usome anwani iliyo mbele yake. Nawaomba sana, lifanyeni hili leo kabla ya jengine lolote.

Hatua ya 4. Ziunganishe lugha kwa hreflang, lebo inayotaja ukurasa uleule kwa lugha nyengine, ambayo Google imeitumia tangu 2011:

<link rel="alternate" hreflang="sw" href="https://mfano.co.tz/sw/vyumba/">
<link rel="alternate" hreflang="en" href="https://mfano.co.tz/en/rooms/">
<link rel="alternate" hreflang="it" href="https://mfano.co.tz/it/camere/">
<link rel="alternate" hreflang="x-default" href="https://mfano.co.tz/en/rooms/">

Mistari hii yote iwemo katika kurasa zote tatu. x-default ni ukurasa wa msomaji ambaye lugha yake haimo. Ukurasa mmoja ukimtaja mwenzake naye asiutaje, Google huupuuza uhusiano huo. Kiswahili ni sw. Usiandike tz, hiyo ni nchi, wala ki, hiyo ni Kikikuyu. Kiingereza cha Uingereza ni en-GB, si en-UK.

Hatua ya 5. Peleka ramani ya tovuti (sitemap, faili la orodha ya kurasa) yenye anwani za lugha zote kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti.

MASWALI

Wete: Mwalimu, nimetafsiri menyu na vichwa tu. Maelezo ya safari ya kisiwa cha Misali yamebaki Kiingereza. Yatosha?

Hayatoshi, ndugu yangu. Google huijua lugha kwa maandishi yanayoonekana, haitegemei lebo. Tafsiri maelezo yote, na mtu ayapitie. Kurasa tele za tafsiri ya mashine zisizo na faida kwa msomaji zinaweza kuhesabiwa taka.

Paje: Wakati wa matengenezo fundi aliweka noindex (lebo ya kukataza ukurasa usionyeshwe), tena akaifunga /sw/ kwenye robots.txt (faili la kuzuia roboti kuingia). Noindex ameshaiondoa, lakini bado kimya.

Afungue na robots.txt. Roboti ikizuiwa kuingia, haiwezi kujua kwamba noindex imeondoka.

Chake Chake: Na Bing, injini ya kutafuta ya Microsoft, inaifuata hreflang?

Huipa uzito mdogo. Ongeza lebo ya meta ya content-language yenye sw, na uandike lang="sw" kwenye html.

Mji Mkongwe: Ahsante mwalimu. Nimerekebisha canonical leo asubuhi. Nisubiri muda gani?

Siku chache mpaka wiki kadhaa, Bi mkubwa. Ingiza anwani ya /sw/ kwenye ukaguzi wa Search Console, uombe isajiliwe, mara moja tu. Kurudia ombi hakuharakishi. Ukirudi kukagua, tazama canonical iliyochaguliwa na Google. Ikiwa bado ni /en/, tuletee hapa chanzo cha ukurasa tukitazame pamoja.