Kushuka Djúpalónssandur na Kurudi Salama

Djúpalónssandur ni ghuba ndogo ya kokoto nyeusi karibu na mguu wa Snæfellsjökull, volkeno iliyovikwa barafu magharibi mwa Iceland. Nimeongoza wageni kule kiangazi na baridi, na neno langu la kwanza kwao ni moja: mkifika, msiikimbilie bahari.

Hatua ya 1: Chagua siku. Kutoka Reykjavík, mji mkuu, ni kilomita 200 hivi. Desemba jua huwa juu kwa muda wa saa nne au tano tu kwa siku, kwa hiyo anza safari kungali giza ili ufike kumekucha. Juni hakuna shida hiyo, kwani usiku wenyewe hauingii giza. Soma utabiri wa idara ya hali ya hewa, Veðurstofa Íslands, jioni ya kabla na tena asubuhi. Upepo hupimwa kwa mita kwa sekunde. Ukitabiriwa kufika 20, mimi huahirisha, hata kama mgeni ameshalipa.

Hatua ya 2: Vaa kwa ajili ya upepo. Sufu iguse ngozi, na juu yake koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Jinzi ikilowa inakugandisha, iache. Viatu viwe vya kufunika kifundo, vyenye soli ya meno.

Hatua ya 3: Egesha vizuri. Fuata barabara ya 574, kisha ya 572 hadi kwenye maegesho. Elekeza pua ya gari kule upepo unakotoka, ufungue mlango ukiushika kwa mikono miwili. Upepo wa hapa hung'oa milango.

Hatua ya 4: Shuka kwa njia. Njia inaitwa Nautastígur, nayo inapita kati ya kuta za lava zilizochongoka. Usikanyage zulia la kijani lililoota juu ya lava; likichubuka, huchukua miaka mingi kurudi.

Chini utakuta mawe manne ya duara. Wavuvi wa zamani walipimana nguvu kwayo: Fullsterkur kilo 154, Hálfsterkur 100, Hálfdrættingur 54 na Amlóði 23. Aliyeshindwa kuinua Hálfdrættingur hakufaa kuingia chomboni. Ukitaka kujaribu, anza na dogo, chuchumaa, nguvu itoke miguuni na si mgongoni.

Hatua ya 5: Isome bahari. Hii ndiyo hatua nisiyoruhusu mtu airuke. Simama juu kabisa ya kokoto kwa dakika 15. Mawimbi madogo yatakuja mfululizo hadi uamini umeshayajua, kisha litakuja moja litakalopanda mbali kuliko yote. Tafuta mstari ambapo kokoto kavu hukutana na zilizolowa, kisha ubaki mbali juu ya mstari huo. Usiipe bahari mgongo, hata kwa picha moja. Kokoto ni za duara na huteleza chini ya mguu, na wimbi likirudi linazivuta pamoja na aliyesimama juu yake. Mtu akichukuliwa, usimfuate majini. Piga 112, namba ya dharura.

Vyuma vyenye kutu vilivyotapakaa ufukweni ni mabaki ya Epine, meli ya uvuvi kutoka Grimsby, Uingereza. Ilivunjika hapa tarehe 13 Machi 1948. Mabaharia 14 walikufa, 5 wakaokolewa. Vyuma hivyo ni kumbukumbu yao. Usiviguse wala kuvikalia. Mimi hapo huwaomba wageni wangu tunyamaze kidogo.

Hatua ya 6: Endelea hadi Dritvík, ukiwa na muda. Ni kilomita moja hivi kwa miguu kuelekea kaskazini. Sasa hakuna mtu, lakini kwa karne kadhaa kilikuwa kituo kikubwa cha uvuvi, chenye mamia ya watu kila msimu. Upepo ukizidi, geuka.

Hatua ya 7: Kagua mifuko. Kokoto hizi huitwa lulu za Djúpalón, na ni marufuku kuziondoa, maana hili ni eneo la hifadhi ya taifa tangu 2001. Watoto huzitia mfukoni bila kufikiri. Wakague kabla hamjaanza kupanda, wazirudishe wenyewe.