SOMO: Kuinua bodi ya Escudo old model kwa inchi 2, someni hapa kabla ya kuja inboksi

Wakuu, kila nikifungua inboksi nakuta swali lile lile, "mkuu nataka kuinua Suzuki yangu niweke matairi makubwa naanzia wapi", sasa nayaandika yote hapa na atakayeuliza tena namrudisha huku huku. Naongelea Escudo ile ya 1988 mpaka 1998, wenzetu wengine wanaiita Vitara. Hii ina chesisi kamili (fremu ya chuma ya chini) na bodi imekaa juu yake kwenye raba, ndio maana inainulika. Mwenye RAV4 somo hili halikuhusu.

Tuelewane kwanza, ukiinua bodi difu (boksi la gia katikati ya ekseli) haipandi, inabaki pale pale. Unachopata ni nafasi ya tairi. Ukitoka tairi ya 205/75R15 ukaenda 235/75R15 kipenyo kinaongezeka milimita 45, kwahiyo difu inapanda nusu yake, milimita 22 na kitu. Faida ni kwamba propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) na springi zinabaki na pembe zake za kiwandani.

1. Siku mbili kabla, pulizia bolti zote za bodi mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Gari iliyokaa Dar, Tanga au Mombasa ipulizie hata wiki nzima, kwa sababu nati zimeshikwa ndani ya bodi na zikiachia zinazunguka tu, hapo utatoboa sakafu utake usitake.

2. Gari sehemu tambarare, kabari kwenye tairi, chomoa betri.

3. Spesa (vipande vya inchi 2 vya kuinulia bodi) zichongwe kwa naironi ngumu au alumini, upana sawa na raba ya bodi. Zinakaa kati ya raba na bodi, raba za zamani zinabaki (zikiwa zimepasuka nunua mpya sasa hivi). Bolti mpya ziwe ndefu kwa inchi 2 zaidi ya za mwanzo, nenda dukani na ya zamani mkononi, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8 (daraja la uimara wa bolti) au zaidi.

4. Fungua au legeza kila kinachounganisha bodi na chesisi: waya wa arthi, mpira wa kujazia mafuta na ule mdogo wa kupumulia, kebo ya klachi, kebo ya hendibreki. Paipu za breki zinyooshe taratibu kwa mkono, zisipofika weka ndefu.

5. STELINGI. Hapa naomba usome mara mbili. Boksi ya stelingi iko kwenye chesisi, usukani uko kwenye bodi, ukiinua bodi shafti ya katikati inavutwa. Sasa ile shafti ina meno, na kwenye meno kuna mfereji unaopita bolti ya kubana. Bolti ikiwa ndani ya mfereji shafti haiwezi kuchomoka hata ukivuta. Ikivutwa inchi 2 mfereji unapita, bolti inabana meno matupu, gari inaendeshwa vizuri tu mpaka siku unapiga shimo usukani unabaki mkononi unazunguka bure. Nimeshaletewa gari ya namna hiyo, meno yalikuwa yameshikana kwa urefu wa ukucha! Kwahiyo nunua kiunganishi cha kurefusha, au chongesha kipande kimoja chenye meno na mfereji wake. USICHOMELEE. Ukichomelea shafti ya stelingi unamchezea aliyepanda na anayevuka barabara. Kabla ya kuitenganisha nyoosha tairi, piga alama ya rangi pande zote mbili, funga usukani na mkanda usizunguke.

6. Legeza bolti za pande zote, ila za kutoa ni za upande mmoja tu. Weka ubao mnene juu ya jeki, inua kidogo kidogo huku mtu wa pili anaangalia waya na paipu. Usiingize vidole kwenye nafasi ya raba, spesa isukume kwa kijiti. Kisha upande wa pili.

7. Rejeta imepanda na bodi, feni imebaki na injini. Izungushe kwa mkono uone kama inakwaruza kava lake kwa chini, kata kava au lishushe.

8. Rudisha vyote, arthi usisahau, kaza. Baada ya kilomita 500 kaza tena.

MASWALI

Mdau: Mkuu spesa za mbao ya mninga vipi, fundi wangu anasema ni ngumu kuliko chuma.
Jibu: Hapana. Mbao inanywa maji, inapasuka, bolti inalegea. Hatua ya 3.

Mdau: Kwani nikiweka inchi 4 kuna shida gani? Naona watu wanaweka.
Jibu: Bolti ikirefuka nguvu ya kuipinda inaongezeka, ukifunga breki bodi inataka kwenda mbele na bolti ndio inazuia. Wanaoweka waulize wao.

Mdau: Shikamoo mkuu. Nimeinua, sasa gia ya pili na ya nne zinaruka, ya kwanza na ya tatu ziko poa. Giaboksi imekufa?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Usifungue giaboksi! Pili na nne unavuta nyuma, inaelekea mkono wa gia unagonga ukingo wa nyuma wa tundu kabla gia haijaingia yote. Zima gari, weka ya pili, vua raba ya gia, pitisha karatasi kati ya mkono na ukingo. Ikikwama ongeza tundu kwa nyuma. Kagua na mkono wa 4L (gia nzito ya kuvuta tairi zote nne) hivyo hivyo.

Mdau: Spidi mita itasoma sawa na hayo matairi?
Jibu: Itadanganya kwa chini. Ikionyesha 100 wewe uko karibu 106, angalieni tochi za trafiki. Na bima waambieni mmebadilisha gari.

Mdau: Nyongeza wakuu, bodi ikiwa juu pitisheni brashi ya waya kwenye vikalio vya raba na mpake rangi ya kuzuia kutu, ikishashuka hamfiki tena.
Jibu: Kabisa. Na zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, mengi huwa yamejaa udongo.