Baraza la Jimbo la Ulemavu wa Makuzi Marekani: Namna Mzazi Anavyoweza Kulitumia

Familia nyingi za Waswahili Marekani hulifikia baraza hili kwa kukosea mlango. Mzazi anatafuta mtu wa kumsaidia kumlea mtoto, au kiti cha magurudumu, au mtaalamu wa kumfundisha mtoto kuongea. Anapiga simu, anaambiwa kwa upole kwamba hapo hakuna huduma ya namna hiyo, naye anafuta namba. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu baraza ndilo mahali ambapo mzazi huyohuyo anaweza kukaa meza moja na wawakilishi wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na wa elimu ya jimbo akiwa mjumbe kamili.

Kila jimbo lina baraza lake. Yako 56 kwa jumla, ukihesabu Washington DC na maeneo kama Puerto Rico na Guam. Yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1970, na leo yanaongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inayolinda haki za watu wenye ulemavu wa makuzi, yaani ulemavu mkubwa unaojitokeza kabla ya miaka 22, kama usonji (autism) au mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Fedha zinatoka serikali kuu, na wajumbe wanateuliwa na gavana. Kazi ya baraza ni kuchunguza mahali ambapo mfumo wa jimbo unawaangusha watu hawa, kuandika mpango wa miaka mitano wa kurekebisha, kufadhili miradi ya majaribio, na kuwapa watunga sera taarifa na ushauri. Baraza halina faili la mtoto wako wala halitoi huduma.

Kwanza, gonga mlango unaostahili

Shida ya leo ina milango yake. Mtoto chini ya miaka 3 anahudumiwa na mpango wa jimbo wa huduma za mapema (Early Intervention). Tangu siku anapoelekezwa huko, jimbo lina siku 45 za kumpima na kukaa na wazazi kupanga huduma. Akifikisha miaka 3, jukumu linahamia shule za umma za wilaya, hata kama hajafika umri wa chekechea. Omba tathmini kwa barua yenye tarehe na ubaki na nakala. Ombi la mdomo mlangoni pa darasa mara nyingi halianzishi kuhesabiwa kwa muda wa kisheria wa shule kujibu.

Kwa msaada wa muda mrefu nyumbani, nenda idara ya jimbo ya ulemavu wa makuzi au wakala wake: California ni vituo vinavyoitwa Regional Center, Ohio ni bodi za kaunti. Huko uliza kuhusu ile programu ya Medicaid ambayo watu huiita weva (waiver), inayolipia huduma za mtu akiwa nyumbani badala ya kwenye taasisi, na uandikishe jina la mtoto kwenye orodha ya kusubiri mara moja, hata kama leo unaona mnamudu wenyewe. Texas kuna watu waliosubiri zaidi ya miaka 10. Tena jina halihami nanyi: familia ikitoka Texas kwenda Iowa, inaanza mwisho wa foleni ya Iowa. Wengi hujua hilo wakiwa wameshashusha mizigo.

Haki ikivunjwa, mathalani mtoto anafukuzwa shule mara kwa mara kwa sababu ya tabia zinazotokana na usonji, tafuta shirika la ulinzi na utetezi la jimbo. Kila jimbo linalo kwa mujibu wa sheria, lina mawakili, na msaada wake ni wa bure. Texas linaitwa Disability Rights Texas, Ohio ni Disability Rights Ohio.

Baraza ni la lile jambo lililobaki baada ya milango hiyo yote: tatizo ambalo si lako peke yako.

Nani anahesabiwa

Jua kipimo hiki kabla ya kujaza fomu yoyote ya baraza. Sheria inasema ulemavu wa makuzi ni ulemavu mkubwa na wa kudumu, wa mwili au wa akili au vyote viwili, uliojitokeza kabla ya umri wa miaka 22 na unaotarajiwa kuendelea. Lazima umzuie mtu kwa kiwango kikubwa katika maeneo 3 au zaidi kati ya haya 7: kujihudumia, kuelewa na kutumia lugha, kujifunza, kutembea, kujiamulia mambo, kuishi kwa kujitegemea, na kujitegemea kiuchumi. Mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 9 anaweza kuhesabiwa bila kutimiza maeneo 3, ikiwa kuna uwezekano mkubwa kwamba bila huduma atafikia hali hiyo baadaye.

Kwa hiyo mtindio wa ubongo unaweza kuwemo, hata kama akili ya mtoto ni timamu kabisa. Kijana aliyeumia kichwa kwa ajali akiwa na miaka 19 anaweza kuhesabiwa. Aliyeumia akiwa na 25 hahesabiwi. Jina la ugonjwa halitoshi lenyewe. Unapoeleza hali ya mtoto, taja anachoshindwa kufanya katika maeneo hayo.

Kulipata baraza na kuomba mkalimani

Andika mtandaoni Developmental Disabilities Council pamoja na jina la jimbo. Majina hutofautiana: Kentucky ni Commonwealth Council on Developmental Disabilities, Minnesota ni Governor's Council on Developmental Disabilities. Ukipata tovuti, tafuta vitu vitatu: ratiba ya mikutano, mpango wa miaka mitano, na mahali pa kujiandikisha kwa barua pepe. Mikutano ya baraza kwa kawaida iko wazi kwa umma, na mara nyingi unaweza kuifuatilia kwa video.

Omba mkalimani kwa maandishi wiki mbili kabla. Baraza linapokea fedha za serikali kuu, hivyo chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 linapaswa kuchukua hatua za kufaa ili asiyejua Kiingereza vizuri ashiriki, bila kumtoza. Sema wazi unataka Kiswahili cha wapi. Mama aliyekulia Uvira, Kongo, akiletewa mkalimani wa Nairobi wanaweza kuelewana, lakini kwenye mambo ya sheria na hospitali hupotezana. Kama lugha anayoimudu hasa ni Kibembe au Kinyamulenge, aombe hiyo. Usimtumie binti yako wa miaka 13 kuwa mkalimani. Atafupisha, ataficha yanayomwaibisha, na wajumbe watamsikiliza yeye badala yako.

Uliza pia kama wanarudisha nauli na gharama ya mtu wa kubaki na mtoto. Mabaraza mengi yana fungu la kuwasaidia wazazi na watu wenye ulemavu kuhudhuria mikutano na makongamano, lakini mengi hutaka ombi kabla ya safari. Ukipeleka risiti ukisharudi, mara nyingi umechelewa.

Dakika tatu za kusema

Karibu kila mkutano una muda wa maoni ya umma, na mara nyingi mtu hupewa dakika 3. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu: wanasimulia tangu ujauzito, kengele inalia kabla hawajaomba chochote. Kusoma taratibu kwa dakika 3 ni kama maneno 300. Mkalimani akifuata sentensi kwa sentensi, yako ni 150 tu, kwa hiyo unapoomba mkalimani omba na muda mara mbili. Mpe karatasi yako siku moja kabla.

Maoni yanayofanya kazi yanakaa hivi:

"Ninaishi kaunti hii, nina kijana wa miaka 15 mwenye usonji. Yuko kwenye orodha ya kusubiri. Kila mwaka idara hutuma barua ya kuthibitisha kama bado tunahitaji huduma. Inakuja kwa Kiingereza peke yake, na asiyejibu jina lake linaondolewa. Familia nne za kanisani kwetu zimeondolewa hivyo. Naomba baraza liiombe idara mambo mawili: barua hiyo itafsiriwe kwa Kiswahili, na kabla ya kumwondoa mtu apigiwe simu kwa lugha yake. Naomba pia liweke jambo hili kwenye mpango wake."

Hapo kuna nani anasema, kinachotokea, kinawagusa wangapi, na ombi linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. Jina la mtoto halimo, na lisiwemo, kwa sababu kumbukumbu za mkutano hubaki mtandaoni na siku moja atazisoma mwenyewe. Peleka nakala kwa barua pepe jioni hiyohiyo, maana kilichoandikwa ndicho kinachoingia kwenye kumbukumbu kikamilifu.

Mpango wa miaka mitano

Hapa ndipo fedha zinapoamuliwa. Mwaka wa fedha wa shirikisho huanza tarehe 1 Oktoba. Mpango wa 2022 hadi 2026 unafuatwa na wa 2027 hadi 2031. Kabla ya kuuwasilisha, baraza linapaswa kutoa rasimu kwa umma, mara nyingi kwa siku 45, na kujibu maoni yenye uzito. Usisome kurasa zote. Tafuta sehemu ya malengo, uangalie kama wahamiaji au wasiojua Kiingereza wametajwa popote. Mipango imekuwa ikitakiwa kuwa na lengo la kuziba pengo kwa jamii fulani iliyoachwa nyuma, na baraza ndilo lililokuwa likiichagua. Barua 20 fupi kutoka familia 20, kila moja na maneno yake, zina nguvu kuliko waraka mmoja wenye sahihi 20. Muda wa rasimu ukipita usikae kungoja miaka mitano, kwani mpango hurekebishwa njiani na mabadiliko makubwa hutangazwa pia.

Kuomba kiti

Angalau asilimia 60 ya wajumbe lazima wawe watu wenye ulemavu wa makuzi au familia zao. Katika hao, theluthi ni wenye ulemavu wenyewe, theluthi ni wazazi au walezi wa watoto na ndugu wa karibu au walezi wa watu wazima wasioweza kujitetea, na theluthi ni mchanganyiko wa makundi hayo mawili. Kwenye fomu sema uko kundi gani, kwa sababu gavana anajaza nafasi ya kundi fulani, na ombi lisilosema huwekwa kando. Watumishi wa idara za jimbo zinazohudumia watu hawa hawaingii kwenye asilimia 60.

Sheria hiyohiyo inataka baraza liwakilishe maeneo ya jimbo na mchanganyiko wa makabila na asili za watu wake. Litaje hilo katika barua yako, useme jamii yenu iko kaunti zipi. Uteuzi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wakati unangoja, uliza kama kamati za baraza zinapokea wasio wajumbe. Ukishateuliwa, kwa kawaida ni mikutano michache kwa mwaka, ila makabrasha ni mazito; omba uletewe mapema na kwa lugha nyepesi. Kama baraza linatoa posho na nyumbani mnapokea SSI (malipo ya kila mwezi ya serikali kuu kwa wenye ulemavu au wazee wenye kipato kidogo), ulizia ofisi ya Social Security kabla ya kuipokea, maana posho inaweza kuhesabiwa kuwa kipato.

Anayeona bado hajawa tayari aanzie kwenye mafunzo ya Partners in Policymaking, yaliyoanzishwa na baraza la Minnesota mwaka 1987 na kuenea majimbo mengi. Kwa mtindo wa awali ni vikao 8 vya siku mbilimbili, kimoja kwa mwezi, kwa wazazi wa watoto wadogo na watu wazima wenye ulemavu. Wanafundisha sheria, shule, ajira, na jinsi ya kuzungumza na mbunge, na kwa kawaida malazi na chakula hulipiwa. Wanaoshindwa wengi huangushwa na zamu za kazi za mwisho wa wiki. Omba tarehe zote 8 siku ile unapokubaliwa, uzipeleke kwa msimamizi wako kwa maandishi kabla ratiba ya mwezi haijapangwa.