Kabla Hujatuma Kioja cha Mtandaoni

Mimi ni fundi simu, Barabara ya Digo, Mombasa. Simu nyingi naletewa kwa kuwa nzito, na nikizifungua nakuta hazina ugonjwa, zimejaa tu: video za magrupu, hazijatazamwa. Inaniuma, kwa sababu humo mna vioja vya kweli ambavyo hakuna aliyevifurahia. Ukitaka chako kifunguliwe, fanya hivi.

Tuma kimoja. Mtu akimwagiwa kumi kwa mkupuo hafungui hata kimoja.

Kisha tafuta kimetoka wapi. Hapa usiwe na haraka. Kuna ile picha ya mtoto wa kiboko aliyejilaza ubavuni mwa kobe mkubwa. Huja na maelezo kwamba kobe ni mama aliyemlea yatima. Picha ni ya Haller Park, hapa hapa Bamburi. Kiboko ni Owen, aliyekwama baharini Malindi siku za tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa na kuletwa huku. Kobe anaitwa Mzee, na ni dume! Mimi naona habari ya kweli inapendeza kuliko ya uongo: mzee asiye na uhusiano wowote na mtoto, na mtoto akakataa kumwacha. Kuipata si kazi. Itafute picha yenyewe kwa Google Lens, au iweke TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikotoka, na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi, kisha usome waliotangulia walisemaje.

Ujumbe wenye mishale miwili ya WhatsApp umeshapita mikono mitano au zaidi. Huenda ni kweli, lakini shemeji yako ameshauona.

Andika maneno yako mwenyewe, mistari miwili: hiki ni nini, na kwa nini nimekukumbuka wewe. “Cheki hii” haimwambii mtu kitu. Video ikiwa ndefu, taja dakika yenye jambo lenyewe. Na tuma linki, usitume video nzima, ili mwenye bando aamue mwenyewe. Ukurasa ukiwa wa zamani, uhifadhi kwanza kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za mtandaoni, maana kurasa hufa.

Lililo kubwa kwangu ni kumchagua mtu. Wazee wa baraza letu, wanywaji wa kahawa chungu, niliwapelekea habari ya birika la kahawa la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Wataalamu wa kompyuta walichoka na safari za ngazi na kukuta birika tupu, basi 1991 wakaliwekea kamera ili walichungulie wakiwa mezani kwao. Mwaka 1993 picha zikaingia intaneti, watu wa nchi za mbali wakawa wanatazama kahawa ya wenzao, hadi kamera ikazimwa 2001. Mzee mmoja akauliza kwa nini hawakununua birika la pili, na mjadala ukaenda hadi adhana ya Magharibi. Habari hiyo hiyo grupu la harusi isingepata hata jibu moja.

Kwa bibi zetu, ambao maandishi madogo yanawasumbua, rekodi sauti. Anza kwa shikamoo, eleza picha inaonyesha nini, ndipo uitume picha yenyewe. Naye akijibu kwa sauti, isikilize yote mpaka mwisho. Mara nyingi ana kioja chake cha kukupa.